Maganda ya Garth

Maryville, Tennessee
9 Machi 2019

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini theluji ya huko imeanza kukuachia njia na goti lako halikusumbui sana. Sisi huku tupo, tunajikongoja. Mjukuu wako Maren amerudi chuoni wiki iliyopita. Hakutaka kuniacha peke yangu, nikamfukuza, maana nyumba yenye watu wawili wanaolia haina mpishi. Miti ya mbele imechanua mapema mwaka huu na Garth hayupo kuilaumu kwa kumpa mafua.

Nyumba nimeamua kuiuza. Nimepata ndogo karibu na dada yangu Paula, na kabla sijahama inabidi niimalize karakana ya Garth, yule mwanao mtafuta matatizo, kama ulivyokuwa ukimtania. Bastola ni ya Maren, Garth alivyotaka mwenyewe. Mashine ya kujazia risasi kaichukua rafiki yake wa klabu ya shabaha. Ila maganda matupu ya risasi Garth alisema yaje kwako, wewe ndiye utakayejua yapi yanafaa kujazwa tena na yapi ni vyuma chakavu. Yamo kwenye ndoo na mifuko, hata sijui nianzie wapi. Nitakuwa natuma sanduku moja moja. Usiogope, ni shaba tupu, baruti na fataki sijaweka. Sheria za posta nazijua.

Kula vizuri, Baba. Maren anakusalimu.

Darla


Orofino, Idaho
24 Machi 2019

Mwanangu Darla,

Marahaba. Goti ni lile lile, likitabiri mvua inanyesha. Hub Lindquist, jirani yangu, anakusalimu. Juzi kanishinda karata na tangu hapo hatulali, kila anayepita barabarani anasimamishwa kuhadithiwa. Nakutumia chupa mbili za jamu ya matunda ya mlimani, niliyachuma mwenyewe Agosti, kwa hiyo usiyagawe kwa watu wa kanisani.

Sanduku limefika. Mama wa posta alinikabidhi huku ameshika kiuno, akaniuliza nimeagiza mawe ya nini. Nikayamwaga mezani. Darla, sijui kama unajua ulichonitumia. Yote ni ya risasi za kipimo cha arobaini na tano, yote chapa moja, na chini ya kila ganda Garth kapiga ule mstari wake wa kijani, umenyooka utadhani katumia rula. Kila mpiga shabaha ana rangi yake, ili mashindano yakiisha watu wasigombane wakiokota. Ya kwake niliyajua hata kabla sijavaa miwani.

Nikayachagua nilivyomfundisha tangu mdogo: unachukua manne kiganjani, unayatikisa karibu na sikio, unasikiliza. Jicho linaweza kudanganywa na shaba inayong'aa, lakini ganda lenye ufa haliwezi kujificha mbele ya wenzake. Wenzake wanalia kengele, lenyewe linatoa mlio mfu. Katika ndoo nzima nimetoa machache mno. Mwanangu alikuwa fundi, nakuambia.

Sasa niseme lililoniweka macho. Siku ile kanisani sikuweza kuuliza. Watu walikuwa wengi, kila mmoja na bakuli la viazi mkononi, na Garth mlikuwa mmeshamchoma, nikaonyeshwa kasha la majivu. Mwaka hadi mwaka, kila Julai, mimi na yeye tulikutana Ohio kwenye mashindano. Mimi nikitoka huku, yeye akitoka huko, tunalala hema moja, tunagombana nani anakoroma. Miaka miwili ya mwisho hakuja. Akasema kazi. Simu zikawa fupi, baadaye zikawa ujumbe wa maneno mawili. Nikipiga unapokea wewe, yuko kiwandani. Halafu Januari unaniambia homa ya mapafu imemchukua.

Nilimkosea nini? Kama mwanangu kafa ana kinyongo na mimi, niambie tu. Nina miaka sabini na saba. Kilichobaki kwangu ni kulijua hilo.

Baba mkwe wako,
Verle Stroud


Maryville
20 Aprili 2019

Baba mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Kufunga nyumba nzima kwenye maboksi si mchezo. Jamu imefika na haijaenda kanisani. Nimeila na mkate wa mahindi nikiwa nimesimama jikoni, na chupa ya pili nimemfichia Maren. Amefaulu mtihani wa anatomia. Mvua huku hainyamazi, uwanja wa nyuma umekuwa bwawa, na mteja wa nyumba anauliza kama bwawa hilo limo kwenye bei.

Kuhusu Garth, Baba, hakuwa na kinyongo na wewe. Kiwandani walikuwa wanamfanyisha kazi usiku na mchana. Alikupenda sana. Amini hivyo, tafadhali, tupumzike wote.

Natuma sanduku la pili. Humo ni ya miaka ya karibuni.

Darla


Orofino
3 Mei 2019

Mwanangu Darla,

Marahaba, na mpe Maren hongera. Mwambie babu yake alishindwa hata kutamka anatomia. Mto umejaa, kulungu wanashuka hadi bustanini, na Hub kawekea kabichi zake redio ili wakimbie. Wanasimama kusikiliza habari.

Sanduku limefika. Humu mambo ni mengine kabisa. Chapa zimechanganyika, tano za huku, tatu za kule. Mbaya zaidi, kuna yenye tundu dogo la kukalia fataki, ile inayowasha baruti, yamechanganywa na yenye tundu kubwa. Ganda la arobaini na tano toka enzi zetu lina tundu kubwa, ila viwanda vingine siku hizi vinalitoboa dogo. Ukichanganya, mashine inakwama, fataki inapondwa, na siku yako mbaya inakulipukia mkononi. Hilo ni kosa la mgeni wa mwaka wa kwanza, wenzake wanamtania mpaka Krismasi. Hub alilifanya mara moja na Garth alimwita Tundu Dogo miaka kumi. Garth huyo huyo asingelifanya hata akiwa usingizini.

Na ule mstari wa kijani unayumba. Mwingine umeanzia chini ya ganda ukaishia ubavuni.

Darla, umenijibu habari za jamu, mvua na bwawa. Nililouliza umelizunguka. Mimi sikuuliza kama alinipenda. Nimeuliza kwa nini hakuja. Kama kuna maganda mengine, nitumie yote.

Verle


Maryville
11 Juni 2019

Baba,

Shikamoo. Sote tuko salama. Nyumba imeuzwa, natoa vitu wiki hii.

Huu ndio mfuko wa mwisho. Nimeutoa kwenye boksi la kutupwa mara mbili. Yaangalie taratibu, kama unavyojua wewe. Sina kingine cha kuandika leo.

Darla


Orofino
22 Juni 2019

Darla,

Salamu. Sitakupa habari za huku, hazina maana.

Nimeyaangalia taratibu kama ulivyosema. Nikueleze nilichokiona, labda ulidhani mzee hataelewa. Bastola ya aina ile ikifyatuka, sehemu ya juu inarudi nyuma na kulitupa ganda nje. Lakini inataka mkono uliokaza nyuma yake. Mkono ukilegea, ganda halitoki, linanaswa mlangoni, linabanwa, mdomo unapondeka. Kwa mtoto anayejifunza ni jambo la kawaida. Kwa Garth siyo. Garth akikupa mkono unaangalia kama vidole vimerudi vyote. Kwenye mfuko huu zaidi ya nusu yamepondeka.

Na mstari si wa kalamu. Ni rangi ya kucha, ya waridi. Mwanaume hashiki chupa ya rangi ya kucha, kwa hiyo nimejua ni nani alikuwa akimfanyia kazi yake.

Baba yangu mzazi alikuwa mlevi, Darla. Mkono wa namna hiyo naujua, ulinilea. Asubuhi unatetemeka, jioni unalegea. Mwanangu alikuwa anakunywa, na wewe ulimfichia. Ukampakia rangi, ukapokea simu zake, ukaniambia yuko kiwandani. Ungesema neno moja ningepanda gari nikaja kumchukua, goti au bila goti. Badala yake mmeniletea majivu.

Nina hasira na wewe na siwezi kuandika zaidi.

V. Stroud


Orofino
30 Julai 2019

Darla,

Umekaa kimya na ninastahili. Mashindano yamepita, sikwenda. Nilifika hadi kwenye gari, nikaweka hema, nikalitoa.

Nilimsomea Hub barua niliyokuandikia. Akaniambia mimi ni mzee mpumbavu, na ni mara ya kwanza sijamrudishia. Anasema hata kama Garth alikunywa, wewe ndiye uliyemfulia nguo.

Sijui niombe radhi kwa lipi, kwa sababu sijui ukweli ni upi. Niambie, mwanangu. Hata ukiwa mbaya kiasi gani.

Verle


Maryville
18 Agosti 2019

Baba,

Shikamoo. Nimehamia kwenye nyumba mpya, ina jiko dogo na jirani mwenye jogoo. Maren alikuwa hapa. Nilimsomea barua yako ya Juni naye akataka kukupigia simu akutukane. Nilimkataza, kisha nikakaa wiki nyingi nikitamani ningemwachia.

Garth hakuwa anakunywa. Hata bia aliacha.

Ilianza na dole gumba la mkono wa kulia. Alishindwa kuzungusha ufunguo wa gari, tukacheka. Halafu akaangusha kikombe cha kahawa, halafu kingine. Daktari alituambia ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, misuli inakauka mmoja baada ya mwingine mpaka pumzi yenyewe, na hauna dawa. Ilikuwa majira ya kuchipua, miezi miwili kabla ya mashindano ya kwanza aliyoyakosa kule Ohio. Kazini aliacha vuli ya mwaka ule ule. Kila nilipokuambia yuko kiwandani alikuwa amekaa mbele yangu, ananitazama ninavyokudanganya.

Nilimwomba akuambie. Nilimwomba mpaka tukagombana. Alisema, "Mzee kanifundisha kila kitu kwa mikono. Siwezi kwenda kuangusha bastola miguuni pake. Wengine wakinihurumia nitavumilia. Yeye akinihurumia, nitakuwa nimeshakufa." Akaniapisha, mkono juu ya Biblia ya Lorna, mama yake, kwamba kinywa changu hakitakuambia. Maren, watu wa klabu na wa kanisani nao aliwasihi wasikuambie.

Kila Jumamosi alitaka uwanjani. Alishika kwa mikono miwili, na bado ganda likanaswa, anatoa, linanaswa tena. Hayo ndiyo uliyoyaona. Baadaye hata kifyatuo hakuweza kukivuta, nikawa napiga mimi. Yeye kwenye kiti cha magurudumu nyuma yangu, ananiambia, "Kaza, mama, kaza." Siku ikafika hata hilo neno halikutamkika, akawa analisema kwa nyusi. Nyumbani mashine nilivuta mimi, ndiyo maana matundu yamechanganyika, sikujua kama yana ukubwa tofauti. Kalamu ya kijani ilikauka nikachukua rangi yangu ya kucha. Alipoiona aliona aibu mbele ya klabu nzima, halafu akaipenda.

Kazi moja tu hakuniachia. Kabla sijajaza, ilibidi niyatikise maganda sikioni kwake, manne manne. Likiwemo bovu anafumba macho. Nilikuwa nachoka, nataka kulala, yeye hataki hata moja lipite.

Alisema nikupe yale mazuri na mfuko wa mwisho niutupe. Niliapa kutosema, Baba. Sikuapa kutotuma. Nilijua wewe utayasoma, na nikaomba Mungu uyasome. Uliposoma ulevi, nilivunjika kabisa.

Kuna jambo jingine na nikilificha sitapata amani. Wiki moja kabla ya Krismasi alinionyesha kwa macho herufi kwenye kibao chake cha kuongelea: PIGIA MZEE. Nikachukua simu ya Paula, maana ukiona jina langu ungeniuliza maswali. Nikamwekea sikioni. Ukapokea, ukasema halo. Akajaribu kukuita, ikatoka sauti ya koo tu. Ukauliza nani. Akajaribu tena, jasho linamtoka. Ukasema ulichosema, ukakata.

Mimi nilianza kulia. Garth alikuwa anacheka, Baba, mabega yanamtingishika kwenye kile kiti. Akanionyesha herufi moja moja: BADO MKALI. Alikuwa na furaha siku ile yote. Sikuwahi tena kumwona hivyo.

Hakuwa na kinyongo. Alikuonea aibu, na hiyo aibu ndiyo iliyokunyima mwanao. Mimi niliishika pamoja naye. Ukinichukia nitaelewa.

Darla


Orofino
2 Septemba 2019

Mwanangu Darla,

Marahaba. Barua yako ilifika Ijumaa. Hub alikuja kuchukua karata akanikuta sakafuni jikoni, akadhani nimeanguka. Alikaa na yeye chini, na kwa umri wetu kuinuka ilikuwa kazi ya nusu saa.

Nilikuita mwongo na nikamwita mwanangu mlevi. Nisamehe. Maren akitaka kunipigia anitukane, mwambie nasubiri, na asibakize.

Sina hasira na wewe tena. Nina hasira na Garth. Namkasirikia mpaka nataka kumchapa, kisha nakumbuka na naanza upya. Nani alimwambia ningemhurumia? Angeangusha bastola ningeiokota. Angeangusha tena ningeokota tena, siku nzima, mstari wote wa wapiga shabaha unatutazama, na yeyote ambaye angecheka angenitambua. Nilimbeba yule akiwa hawezi kushika kijiko. Alidhani nimesahau jinsi ya kufanya?

Simu ile naikumbuka. Nilikuwa nakaanga mayai. Namba siijui, nikadhani ni wale wauza bima. Sikio langu la kulia lilikufa zamani kwa mlio wa bastola, na mkono wa kushoto ulikuwa na kikaango, kwa hiyo simu niliiweka upande huo mbovu. Nilisikia mvumo tu. Nikasema, "Kama huna la kusema, mpumbavu wewe, usinipotezee muda," nikakata, nikala mayai yangu. Unasema alicheka, na ninakuamini, na nakushukuru kwa hilo kuliko jamu zote duniani. Lakini aliniita mara mbili, Darla. Ningehamisha simu upande wa pili ningemsikia. Hata ingekuwa mkoromo ningemjua. Mtu anamjua mtoto wake hata kwa kikohozi.

Leo nimerudi kwenye mfuko wa mwisho. Nimeyatikisa yote, manne manne, kwa sikio la kushoto. Yamepondeka midomo, yamepinda, hayafai kujazwa tena hata moja. Lakini lenye ufa sikulipata. Nimerudia ili nihakikishe. Waandikie klabu, au usiwaandikie, lakini wewe ujue kwamba alichagua sawasawa mpaka mwisho.

Simu iko mezani jikoni na nimevuta kiti. Nipigie Jumapili baada ya ibada yenu. Sijui tutaongea nini, mimi siku hizi nikianza jina lake sauti inakatika, na wewe najua ni hivyo hivyo. Haidhuru. Ukilia, lia. Ukikosa la kusema, nyamaza tu.

Safari hii sikati.

Baba yako,
Verle